Panda Ziwani na Kendi

Laurel, Maryland

Kwa Baba mpendwa,

Salamu zangu zikufikie wewe na Mama, na ziwakute mmeketi jikoni karibu na moto, maana najua huko sasa ni baridi na ukungu unashinda shambani mchana kutwa. Macho yako yanaendeleaje? Na lile goti? Mama je, kikohozi kimemwacha, au bado anasema ni moshi tu? Sisi huku ni wazima. Joto la kiangazi limetubana, shati linalowa kabla sijafika kwenye gari, lakini nyumbani hakuna mgonjwa na tunamshukuru Mungu kwa hilo.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama ulivyotuzoesha. Ulikuwa ukisema Kimeru ni cha kuongea na Kiswahili ni cha kuandika, na mpaka leo nikishika kalamu Kimeru kinanikimbia. Herufi nimezifanya kubwa ili usome mwenyewe. Usimpe Kagendo akusomee. Dada yangu akisoma barua za watu huruka sehemu asizozipenda halafu anaongeza za kwake.

Na usishangae kuletewa barua na hali simu iko. Kwenye simu wewe huniambii kitu, Baba. Unauliza kama mvua imenyesha Amerika, unasema "haya, ongea na Mama," basi. Halafu nakusikia kwa mbali ukimnong'oneza Mama aniulize jambo ambalo ungeniuliza mwenyewe. Nikaona heri nikae chini niandike, nikijua kwamba karatasi huwezi kumpokeza Mama kabla hujaimaliza.

Aliyekukabidhi bahasha hii ni Kendi. Mtazame vizuri kabla hujaendelea. Ni mrefu kuliko anavyoonekana kwenye picha, na hilo paji la uso ni langu, kwa hiyo ni lako. Jina ni la Mama, na mdomo pia ni wa Mama. Kiswahili anakisikia chote, hata kile tunachokitumia mimi na mama yake tukitaka asielewe, lakini ukimwuliza jambo atakujibu kwa Kiingereza chenye neno moja moja la Kiswahili. Msiudhike. Watoto wote wa huku wako hivyo, hata wa wale Watanzania tunaosali nao, ambao kwao Kiingereza ni cha wageni. Kimeru anajua "muga" peke yake, na anaitumia kusalimia, kuagana na kuomba chumvi. Wewe Kiingereza unakijua kuliko unavyokiri, kwa hiyo mtaelewana.

Chakula anakula chochote isipokuwa samaki mwenye kichwa. Samaki anaowajua ni wale wa kwenye boksi, wamekatwa kama vipande vya sabuni, hawana mfupa wala jicho. Najua hilo litakuchekesha, ukizingatia kilichomleta. Mwambie Mama asimlazimishe. Ampe chapati.

Sasa nikueleze ilivyokuwa mpaka akafika hapo.

Wakati baridi ya huku inaisha, Kendi aliniuliza babu yake alikuwa anafanya kazi gani. Nikamwambia alikuwa anapiga makasia. Akauliza makasia ni nini. Nikamweleza juu ya ziwa letu la juu mlimani, kule msitu na mianzi inapoishia na kubaki nyasi na mawe, na kambi ya wavuvi, na wageni waliotoka nchi za mbali kuvua samaki ambao hakuna mtu anayewafuga. Nikamwambia jinsi ulivyokuwa unakaa jioni ukifunga manyoya ya kuku kwenye ndoano, ukizungushia uzi mpaka ndoano inafanana na mdudu aliyeanguka majini. Nilidhani nitaongea dakika chache nimalize kuosha vyombo. Mama yake aliporudi kutoka kazini alitukuta bado tumekaa, maji ya vyombo yamepoa na mtoto hajala.

Baada ya hapo hakuniacha nipumue. Nikapata fimbo ya kuvulia kwenye nyumba moja ambako watu walikuwa wanauza vitu vyao vya zamani nje kwenye nyasi. Ndoano sikumpa. Nilifunga kipande cha uzi mwekundu mwishoni mwa mshipi, tukaenda kwenye ile nyasi iliyo kati ya majengo yetu na maegesho ya magari, nikaanza kumfundisha kama ulivyonifundisha wewe. Rudisha nyuma. Ngoja. Ngoja mpaka uhisi mshipi unakuvuta. Sasa peleka mbele.

Jirani yetu Papa Ilunga, Mkongomani mmoja mpole sana wa ghorofa ya chini, alitoka na mfuko wa takataka akasimama akitutazama. Aliona mtu mzima ameinua fimbo na mtoto amesimama mbele yake.

"Papa Kendi," akaniita, "uko nafanya nini na ile fimbo? Mutoto iko na makosa gani?"

"Namfundisha kuvua samaki."

Akaangalia nyasi, akaangalia magari. "Samaki iko wapi?"

"Kenya."

"Ah bon," akasema, kumbe yao ya Kifaransa, akaenda kutupa takataka zake. Tangu siku hiyo kila akituona anauliza kama leo tumekamata.

Kazi yangu unaijua, naendesha lile gari la kuwapeleka wazee kliniki, leo Rockville, kesho hadi Upper Marlboro. Kuna mzee mmoja abiria wangu, anaitwa Walter, figo zake zimechoka na inabidi awe anasafishwa damu. Kwa kawaida haongei. Siku moja uzi mwekundu wa Kendi ulikuwa umenasa kwenye kiti, mshipi umefungwa bado. Walter akauokota, akaugeuzageuza, akaniuliza nani anavua kwa mshipi wa namna hii.

Basi tukaanza. Kumbe ujanani alikuwa mwanamaji na walimweka Uskoti, na huko alikuwa anavua trauti, samaki wale wale wa ziwa letu, kila kiangazi kwenye maziwa yao ya milimani, ambayo wenyewe huyaita loki. Akanieleza wanavyovua. Hawatupi nanga. Wanaiacha mashua igeuke ubavu, isukumwe polepole na upepo, na mvuvi anarusha mshipi mfupi mbele yake, kule mashua inakoelekea, anauvuta kidogo tu, anarusha tena. Mashua ikifika ng'ambo wanairudisha kwa makasia hadi walikoanzia. Akasema siri yote iko kwa mpiga makasia. Akiwa mzuri, kasia moja tu linagusa maji mara moja moja, na mvuvi hajui hata kwamba kuna mtu anafanya kazi.

Nikamwambia, "Hiyo ndiyo kazi ya baba yangu." Nilimwona kwenye kioo akinyanyua kichwa.

"Yuko hai?"

"Yuko."

"Halafu wewe unafanya nini hapa?"

Hakusema kwa ubaya, Baba. Lakini nilikuwa kwenye foleni, magari yamejaa mbele na nyuma, nikatazama taa za gari la mbele.

Ndipo akajitolea kutupeleka mimi na Kendi kwenye kijito anachokijua, huko milimani kaskazini ya huku. Tulikwenda Jumamosi, mimi nikiendesha. Kendi alikuwa amevaa viatu vya mvua toka nyumbani na hali jua linawaka. Tulipofika, Walter hakutoa fimbo. Alitoa kipimajoto kilichofungwa kamba, akakitia majini akakiacha huko, akawasha sigara ambayo daktari amemkataza. Alipokivuta akatikisa kichwa.

"Leo hatuvui," akasema.

Kendi akanigeukia. "But Dad, tumekuja mbali. Just one?"

Walter akamweleza polepole. Trauti ni samaki wa maji ya baridi. Maji yakipata joto hewa humpungukia, anakaa chini ya mawe akihema. Ukimnasa siku kama hiyo, hata ukimwachia, ataogelea mbali kidogo na kufa mahali usipomwona. Kendi akasema hataki samaki afe. Hapo yakaisha, ingawa mdomo ulikaa umevutwa kwa muda mrefu.

Mimi nilichuchumaa nikatia mkono kwenye kile kijito. Unakumbuka nilivyokuwa natia mkono ziwani asubuhi, unapauka na kuuma mpaka mfupani, nawe unaniambia niache kuchezea maji? Nilikuwa nautegemea ule uchungu. Miti ilikuwa sawa, mawe yalikuwa sawa, hata sauti ya maji ilikuwa karibu sawa. Lakini maji yenyewe yalikuwa vuguvugu, kama yale ya kumwogeshea mtoto mchanga. Nilipotea, Baba. Nilitamani nyumbani hadi ikabidi nijifanye nafunga kamba za viatu.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nianze kuandika. Kwa kuwa hatukuweza kuvua, Walter alisema angalau turushe kwenye nyasi aone mtoto amefika wapi. Kendi akarusha, akasifiwa. Kisha akaniambia, "Na wewe." Nikashika fimbo nikarusha. Akaunyooshea mkono wangu kidole.

"Sikujua wewe ni shoto."

"Mimi si shoto," nikamwambia.

"Umeshika fimbo kwa mkono wa kushoto."

Nikaangalia. Kweli. Baba, naandika kwa mkono wa kulia, nakula kwa wa kulia, nikijaribu kufungua mlango kwa wa kushoto nitalala nje. Lakini fimbo ya kuvulia sijawahi kuishika kwa mkono mwingine tangu nizaliwe, na sijawahi kujiuliza kwa nini. Nikasema ni kwa sababu baba yangu huvua hivyo. Walter akauliza, "Na yeye ni shoto?" Nikafikiri. Nikakuona ukikata miwa, ukipiga msumari, ukisaini kitabu cha kanisa. Wewe si shoto. Wewe ni wa mkono wa kulia kama mimi.

Nilikaa chini kwenye nyasi nikaifikiria ile mashua. Mgeni anasimama nyuma. Wewe umekaa katikati na makasia, umemwelekea usoni. Mkono wake wa kulia uko upande wako wa kushoto. Miaka yote ile hakuna aliyekufundisha, hakuna mgeni aliyekupa fimbo akasema jaribu. Ulijifunza kwa kutazama, na ulimtazama kama mtu anavyotazama kioo. Wageni walipoondoka, ukaishika ile fimbo waliyoiacha kambini na kuvua kwa mkono uliouona. Na mimi nilikuwa nakaa mbele ya mashua nyuma ya mgongo wako, natazama mkono wako huohuo, nikauchukua kama ulivyo.

Nilicheka, Baba. Nilicheka mpaka Kendi akaniuliza kama niko sawa. Kisha nikaacha kucheka. Nimekaa nchi hii, nimebadilisha namna ya kuongea, ya kula, ya kuendesha gari, hata ya kuomba msamaha. Lakini mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekaa kimya na wewe ndani yake, na aliyeniambia ni mwanangu. Siku hiyo nilijua kwamba nina hamu nawe kuliko nilivyokuwa nakiri.

Kendi ana bahati yake. Nilimfundisha tukiwa tumetazamana, kwa hiyo kwake kila kitu kimegeuka tena, na anarusha kwa mkono wa kulia kama wale wageni wako. Utakapomwona akirusha, tafadhali usimbadilishe. Na yeye akikuuliza kwa nini unashika kwa wa kushoto, mweleze mwenyewe. Ningelipenda kuuona uso wako ukimweleza.

Kuna jambo lingine kumhusu. Yeye huongea. Nakumbuka sheria yako: mashua ikienda na upepo hakuna maneno, maneno ni wakati wa kurudi. Yote uliyowahi kuniambia ya maana uliniambia tukirudi kinyume cha upepo, unavuta makasia na unahema kati ya neno na neno. Ndipo uliponiambia nitasoma hadi mwisho. Ndipo uliponiambia kwamba nikipata nafasi ya kwenda mbali niende, nisigeuke kukutazama. Kendi sheria hiyo nimemweleza, akasema ameelewa, lakini hiyo ni ahadi ya mtoto. Atauliza kila ndege anaitwaje. Mvumilie. Ukimnyamazisha sana atadhani umekasirika, na wewe ukikaa kimya huwa kweli unafanana na mtu aliyekasirika.

Sasa, Baba, nifike penyewe.

Kagendo ameniambia juu ya macho. Wewe ulisema ni vumbi, Mama akasema ni uzee, lakini Kagendo alikupeleka Meru na alikuwa ndani daktari alipoongea. Presha ya macho. Dawa zitaichelewesha, hazitarudisha kilichokwenda. Najua pia kwamba sasa huoni ya pembeni, na kwamba ulimwaga chai juu ya Biblia ya Mama ukasema paka. Paka alikufa tangu nikiwa huko.

Na ameniambia lile lingine. Kila mtu akikuuliza mbona hupandi tena ziwani, unasema, "Nitapanda na Mwenda." Muriuki binamu yetu, anayelinda kambi, amekuomba. Kagendo amekuomba. Jibu ni hilo hilo. Unanisubiri mimi.

Nimekwenda tena kwa wakili wetu. Aliniandalia kahawa, nikajua si habari njema, maana siku zote huwa hana muda. Makaratasi yetu ya kuishi huku bado. Yanaweza kutoka mwaka huu, yanaweza kutoka mwaka mwingine, hakuna anayeweza kumwambia. Mimi na mama yake Kendi tukitoka kabla hayajatoka, mlango unafungwa nyuma yetu, na mtoto atabaki upande huu na sisi upande ule. Kendi alizaliwa hapa, pasipoti yake ni ya hapa, yeye anakwenda na kurudi apendavyo. Ndani ya nyumba yetu yeye peke yake ndiye anaweza kukufikia.

Nimekwambia mwaka hadi mwaka, "Mwaka huu nakuja." Nilikuwa naamini kila nilipolisema. Mwaka huu sisemi.

Mama yake hakukubali upesi. Alisema mtoto ni mdogo, alisema nyati, alisema baridi, alisema vipi akiugua huko juu ambako simu haishiki. Siku ya kumfungia begi alikunja sweta lile lile labda mara tano. Aliyetusaidia ni Bi Zuhura, Mtanzania wa Tanga anayefanya kazi naye hospitalini, ambaye anakwenda kwao kupitia Nairobi na ndiye aliyemleta Kendi mpaka mikononi mwa Kagendo. Alikuja na maandazi akakaa kitini kwetu akasema, "Shemeji, na wewe mwenzangu, mtoto mnampeleka kwa babu yake, hamumpeleki vitani. Mimi nitamshika mkono mpaka nimkabidhi. Nyie lieni tu, mkimaliza mniletee chai." Wakalia kweli, wote wawili, na yeye Zuhura akiwa wa kwanza.

Mimi sikulia. Mimi nina wivu, Baba, nakuambia ukweli. Namwonea wivu mwanangu mwenyewe. Atapita geti la msitu, atasikia ile harufu ya mianzi iliyolowa. Atatembea kwenye nyasi zile zinazotia maji ndani ya viatu, atafika pale juu ambapo ziwa linatokea ghafla chini yako. Atakaa mbele ya mashua, mahali pangu, atautazama mgongo wako. Nilipokuwa namfungia zipu ya begi nilitaka kumwambia, baki wewe, nipe mimi hiyo tiketi. Nikamwambia avae soksi mbili.

Mpande, Baba. Usimpeleke kutazama tu na kurudi. Laleni kambini, mtoke asubuhi kabla upepo haujawa mkali, mumpe fimbo yenye ndoano ya kweli. Yule samaki wa kwanza, Kendi ataomba arudishwe majini, mwachie amrudishe. Ana haki ya kuona trauti mzima, ule mstari wa waridi ubavuni, kabla hajafikiri ni kitu cha kukaanga. Na wewe umtazame yeye. Ndilo ninaloomba hasa. Mtazame uso wake akinasa samaki wa kwanza maishani mwake, umtazame karibu, kwa macho uliyo nayo mwaka huu. Uso huo hukuuona ukikua. Sitaki ubaki nao kwa kuusikia tu kwenye simu.

Siku yangu nikipewa ruhusa nitakuja. Kama utakuwa unaona, tutavua. Kama huoni, nitakushika mkono toka getini, nitakukalisha nyuma ya mashua mahali pa wageni, nitapiga makasia mimi. Lakini siku hiyo siijui, na macho yako hayaijui pia. Usiyaweke akiba kwa ajili yangu.

Nisalimie Mama, mwambie kitambaa cha kichwa kilicho kwenye begi dogo ni chake, na kwamba nitampigia simu Jumapili baada ya ibada kama kawaida. Nisalimie Kagendo na mume wake, mwalimu mwenzake, na watoto wao ambao nasikia wamenipita urefu. Nisalimie shangazi yangu wa Chuka, yule wa kuuza mboga, umwambie bado namkumbuka kwenye sala. Mchungaji wetu mzee naye mpe heshima zangu. Mama Kendi anawasalimu wote, na anamwomba Mama amsuke mtoto nywele kabla hajapanda, kwa sababu kofia haiingii.

Najua bado umebaki na sababu moja, na najua utaitoa ukishakunja karatasi hii. Utasema mashua imekaa nchi kavu miaka, mbao zimekauka na kuachana, itaingia maji kabla hamjafika katikati, na mtoto wa watu yumo ndani. Hilo nilikuwa nimelifikiria. Nilimpigia Muriuki aliposhuka kununua unga, nikamwomba aiburute hadi ukingoni, aijaze mawe na kuizamisha mahali pa kina kifupi, kama ulivyokuwa ukifanya kila kambi ilipokuwa inafunguliwa. Alipopanda kilimani kutafuta mtandao alinitumia ujumbe. Mbao zimekunywa maji, zimevimba, zimeshikana. Ameitoa mawe, ameyachota maji yote, haipitishi hata tone. Inaelea, Baba, na iko tupu. Usinisubiri.

Mwanao akupendaye,

Mwenda